Kibao Kwa Mlango wa Madam

Mtu wa Tuwan, mtaa wetu hapa Kitale, akienda kuteka maji ilikuwa lazima apite kwa mlango wa Madam, na akipita lazima asome. Hata wale walikuwa wanajifanya hawana shughuli na Kiingereza walikuwa wanapunguza mwendo kidogo wakifika hapo. Madam alikuwa ametundika kibao kwa mlango, kipande ya plywood imepakwa rangi nyeusi, na kila Jumamosi aliandika hapo sentensi moja kwa chaki, na chini ya sentensi jina ya mwenye ameitunga. Sentensi ilikaa wiki nzima. Jina pia.

Jina yangu haikuwahi kukaa hapo hata siku moja. Naanza na hiyo ndio ijulikane naandika nikiwa nimesimama wapi.

Sijui Madam alizaliwa wapi wala baba yake aliitwa nani, na si ati nimesahau. Hakuna mtu Tuwan alikuwa anajua. Nilimjua tangu nikiwa msichana wa primary mpaka nikafika form four, na yote naweza kusema juu yake ni yale niliona kwa macho yangu, nikiwa nimekaa kwa benchi yake, nikimwangalia akiandika jina ya mtu mwingine.

Alikuwa mwalimu wa Kiingereza mwenye amestaafu. Jumamosi asubuhi alitoa benchi kwa veranda, na yeyote alitaka kujifunza alikuja. Hakuitisha pesa. Ulikuwa unabeba kitu ya kwenu, kitu yoyote, na kabla ukae unamwambia hiyo kitu imetoka wapi. Na si jina ya mahali tu. Alitaka yote.

“Ni sukuma, Madam,” mtoto wa jirani anasema.

“Imetoka wapi?”

“Kwetu.”

“Kwetu ni kubwa. Kwetu wapi?”

“Nyuma ya choo.”

“Ndio maana iko na afya. Kaa.”

Siku moja mimi nilibeba mkate. Mkate wa kukatwa, bado uko kwa karatasi yake, juu nilikuwa nimechoka kubeba mahindi kama kila mtu. Nilijua leo nimewaweza. Madam akaushika, akaugeuza, akaunusa.

“Imetoka wapi?”

“Dukani, Madam.”

“Dukani si mahali, Nanjala. Dukani ni penye vitu zinapumzika.”

Watu wakacheka mpaka benchi ikatingika. Na huo mkate alikula. Nilimwona. Aliuloweka kwa chai ya rangi akala akifunga macho, na bado sentensi yangu siku hiyo aliikataa.

Sasa hiyo sentensi. Darasa yake yote ilikuwa inaishia kwa neno moja ya Kiingereza, derive. Kwa Kiswahili unaweza kusema kutoka, ama kupata kitu kutoka mahali, ama kuwa na chanzo, lakini Madam alikuwa anasema hakuna hata moja ya hizo inabana mtu kama hiyo. Kabla twende nyumbani kila mtu alisimama akatoa sentensi moja yenye iko na hiyo neno ndani. Nzuri kushinda zote ndio ilienda kwa kibao. Wiki hii derive, wiki ijayo derive, mwaka ukiisha derive. Tulimuuliza kwa nini hatubadilishi.

“Hizo zingine mtajifunza hata kwa redio,” alisema. “Hii ndio inauliza mtu swali. Huwezi kuitumia bila kusema kitu yako ulipatia wapi, na watu hawapendi kusema. Kila mtu anataka ionekane alijizaa.”

Kulikuwa na shida moja, na ilikuwa shida yetu sisi watu wa Bungoma tumekuja Kitale. Mtu wa kwetu ukimwonyesha hiyo neno anakimbilia jina yake. Wafula alisimama akasema Wafula imetoka kwa mvua. Nekesa akasema yake imetoka kwa mavuno. Mimi nikasimama nikasema Nanjala imetoka kwa njaa, juu nilizaliwa wakati chakula imeisha kwa nyumba, na nilisema na sauti ya huruma kidogo ndio ibebe uzito. Madam akaweka chaki chini.

“Kuanzia leo hakuna majina,” alisema. “Kila mtu hapa akiulizwa ametoa nini wapi, anatoa jina kama mtu amesimamishwa na polisi. Jina ulipewa umelala. Hukuitafuta. Mimi nataka kitu umeenda mwenyewe ukachukua.”

Mimi sina subira, naijua hiyo. Nilienda kwa vitabu. Nikaandika ati maneno mengi ya Kiingereza yametoka kwa Kilatini. Madam akauliza kama huyo Latini anakaa upande wa Tuwan ama Kibomet. Nikaandika ati Kenya inapata pesa ya kigeni kutoka kwa majani chai na watalii.

“Umewahi ona mtalii?”

“Kwa TV, Madam.”

“Alikuwa anatoa hiyo pesa?”

“Hapana. Alikuwa anaangalia twiga.”

“Basi andika juu ya twiga ama ukae.”

Nilikaa. Kila Jumamosi nilikaa. Nilikuwa na Kiingereza mingi kushinda wote kwa hizo benchi, hiyo si maringo, hata shule nilikuwa napata alama za juu, na bado nilikuwa nakaa. Alikuwa ananirudishia karatasi imeandikwa kwa penseli. Hakutumia kalamu nyekundu hata siku moja. Alisema nyekundu ni ya butcher, na penseli inaachia mtu nafasi ya kufuta aibu yake. Kwa yangu alikuwa anaandika tu, “Hii ni ya nani?”

Usidhani alikuwa mtu mpole. Mdomo yake ilikuwa inaweza kukamua mtu mpaka abaki ganda. Mama mmoja alisimama kwa mlango akimsifu kijana wake, ati huyo, akili yake ni kipaji tu, hajafundishwa na mtu. Madam alimwangalia akamwambia, “Mama, ukiskia mtu anasema ni kipaji tu, mwangalie mikono. Kuna kitu ameficha nyuma.” Yule mama hakurudi, na kijana wake alirudi akijificha.

Alikuwa pia na mambo haziendi pamoja. Alitukataza Sheng kabisa, lakini ugali yake ikiungua tulikuwa tunaskia “aki manze” kutoka jikoni. Kiingereza yake ilikuwa safi, kila r mahali yake, kama mtu wa kusoma habari. Akigeukia Kiswahili hizo r zinahama. Mbuzi ya jirani ikiingia kwa mboga alikuwa anatoka na fagio akisema “Toa hii mbuzi yako kabra nipige kerere,” na sisi tunaficha uso. Kanisani alikaa karibu na mlango, akafika wimbo wa kwanza umeisha, akatoka kabla ya matangazo. Chai alikunywa bila maziwa hata kama watu wamemletea maziwa ya kuogea.

Lakini ile kubwa ni hii. Yeye mwenye alikuwa anachokora kila mtu ametoa nini wapi, yeye mwenyewe hakusema. Tulijaribu. Wafula ndiye alikuwa na roho ngumu, akamuuliza mbele ya wote.

“Madam, na wewe hiyo Kiingereza yako ulipatia wapi?”

“Dukani,” alisema.

“Lakini Madam, si ulisema dukani si mahali?”

“Nilisema. Andika sentensi yako.”

Alicheka na upande moja ya mdomo, na upande ingine ilikataa kabisa kucheka. Niliona kwa sababu nilikuwa namwangalianga sana. Nilikuwa nataka kujua ni nini hiyo inaweza kufanya ashike chaki aandike N.

Halafu akaja Chemutai.

Chemutai ni wa Endebess. Alikuja kukaa na shangazi yake Tuwan ndio awe karibu na shule, na Jumamosi ya kwanza alifika na kibuyu. Hakuwa amebeba juu ya kuringa. Alikuwa tu hana kitu ingine.

“Ni maziwa,” alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini hivi, kama mtu anaongea na ndama.

“Imetoka wapi?”

“Kwa ng’ombe ya mama. Lakini utamu haijatoka kwa ng’ombe. Imetoka kwa mti. Mama anachoma kijiti ndani ya kibuyu, halafu anasugua na majivu yake, ndio anaweka maziwa. Bila huo mti ni maziwa tu.”

Madam alikuwa anafungua mfuniko. Aliacha.

“Sema hiyo tena,” alimwambia, “na uweke derive ndani.”

Na huyo msichana akasema. Kiingereza yake ilikuwa imevunjika hapa na hapa, Madam akamshikia kidogo tu, na ikaenda kwa mlango hiyo hiyo siku. Maziwa ya kwetu hupata utamu kutoka kwa mti mama anaochoma ndani ya kibuyu. Chini yake, Chemutai. Siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nimekalia hiyo benchi mpaka mbao imechukua umbo yangu.

Nilijiambia ni hiyo maziwa. Nilimwambia hata mama yangu, ati Madam amenunuliwa na kibuyu. Mama alikuwa anachambua maharagwe.

“Madam anakunywanga chai ya rangi,” alisema bila kuinua kichwa.

Nikatoka nje.

Kama ingekuwa mara moja ningesahau. Lakini aliendelea. Aliandika ati baba yake hupata ujasiri wake kutoka kwa watu wanaomwangalia. Aliandika ati ugomvi wa boma yao na jirani ulitoka kwa ng’ombe mmoja mpole sana. Sentensi zake zilikuwa fupi, na ukizisoma unaona mtu mzima amesimama ndani. Na kitu iliniuma kushinda yote ni vile hakuwa anajali. Jina yake ikiandikwa alikuwa anaangalia njia, anafikiria mambo yake. Mimi mwenye ningekufa kwa sababu ya hiyo kibao nilikuwa nakaa tu na karatasi yangu ya penseli. Wivu uliniwasha kama upupu. Nikienda maji asubuhi nasoma Chemutai. Nikirudi na mtungi kwa kichwa, shingo haiwezi kugeuka, bado macho inaenda pembeni inasoma Chemutai.

Kuna wiki aliandika juu ya shangazi yake. Kwa Kiswahili ni hivi: Ukimya wangu nimeutoa kwa shangazi yangu, ambaye husema yote. Nilisoma hiyo nikaona Mungu amenikumbuka. Shangazi yake hakuwa anajua Kiingereza, na alikuwa mtu wa maneno kweli, kioski yote ya maji inamjua. Nikamngoja hapo kwa mlango. Akafika, akaona jina ya mtoto wake, akasimama.

“Nanjala mama, hii inasema nini?”

Nilimtafsiria pole pole, neno kwa neno, hakuna hata moja nilipunguza. Nilitaka aelewe vizuri.

Akaweka mtungi wake chini. Nikaona nimeshinda. Halafu akapiga paja yake kofi.

“Huyu mtoto ananijua,” alisema. “Wangu hapana ata mmoja anaweza niona hivyo.” Akacheka akiangalia huku na huku kutafuta wa kumwambia. Hiyo siku aliambia kioski yote, akaambia posho mill, na mahali alisahau neno aliniita nimalizie. Nilitembea nikitafsiri sentensi ya Chemutai Tuwan mzima.

Nilikuwa na rafiki moja tu kwa hiyo vita, na rafiki yenyewe ni mvua. Veranda ya Madam ilikuwa fupi, mvua ikipigwa na upepo inafika mpaka mlangoni, na chaki haina nguvu. Sasa wakati wa kuvuna, Kitale yote inaomba jua. Mahindi imeanikwa kwa turubai kila mahali, kwa barabara, kwa uwanja ya kanisa, na wingu ikitokea upande wa mlima watu wanakimbia kama nyumba inaungua. Mama yangu alikuwa amesimama kando ya turubai yetu, ameangalia juu, anaomba na sauti. Mimi nilikuwa upande ule mwingine wa turubai nimefunga macho.

“Nanjala, na wewe unaomba?”

“Ndio mama.”

“Mbona umekunja uso hivyo? Omba na moyo safi, bana.”

Ilinyesha. Tulivuta turubai mpaka mikono ikachubuka, na nikiwa nimelowa, mahindi imeshikana kwa miguu, nilikuwa nafikiria tu vile jina ya Chemutai inateremka kwa mlango kama maziwa imemwagika. Asubuhi nikaenda maji mapema. Kibao ilikuwa nyeusi tii. Nikarudi jioni nikapata Madam ameiandika tena.

Nikisema ukweli, sidhani Madam hakuniona. Alikuwa anaona kila kitu. Siku alihama, mimi ndiye nilimsaidia kufunga vitu. Goti yake ilikuwa imekataa, na jamaa yake mmoja kutoka Kabuchai, huko Bungoma, alikuja kumchukua na pickup. Chemutai alikuwa amerudi Endebess wakati wa likizo, kwa hivyo hiyo siku nilikuwa naye peke yangu, na nilifurahi vibaya. Nilifunga sufuria, nikafunga vitabu, nikabeba godoro. Nilikuwa nangoja aseme kitu. Kibao niliitoa kwa msumari nikaishika kifuani.

“Madam, hii naweza baki nayo?”

“Hapana.” Aliichukua akaiweka miguuni kwa pickup. Halafu akaona uso yangu. “Nanjala. Unakimbia sana. Sentensi yako iko njiani.”

“Tangu class six, Madam?”

“Njia zingine ni mbaya,” alisema, na pickup ikaenda.

Nilimaliza form four. Siku hizi nauza kwa agrovet hapa town, mbegu na dawa ya kupe, na jioni naandika. Ningeachana na Madam kabisa. Lakini mwaka huu shangazi ya Chemutai aliingia dukani kutafuta dawa ya minyoo, akakaa kwa kaunta kama kawaida yake, akasema yote. Ati Chemutai yuko college, anasomea ualimu. Ati kila mwisho wa mwezi anapanda gari anaenda Kabuchai kumwona yule Madam. Ati wanakaa wanaongea mpaka jioni.

Nilimpimia dawa nikakosea, nikapima tena. Mtu wa Endebess anavuka kaunti anaenda kukaa na Madam upande wa kwetu. Kwa nyanya yangu na Kabuchai ni kama kuruka mtaro, na mimi sijawahi enda. Jumatano yenye ilifuata niliomba ruhusa, nikashukia Chwele, na kwa sababu nilitoka na haraka bila kubeba kitu, nikanunua mkate kwa duka ya stage. Boda akaniingiza kati ya miwa mpaka kwa boma moja iko na mabati mpya.

Madam alikuwa amekaa kwa kivuli ya jikoni na shuka kwa miguu. Amekuwa mdogo. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka juu ya goti kama kitu inataka kuondoka. Watoto wa hapo walikuwa wanamwita Kukhu, nyanya.

“Mulembe, Madam.”

Aliniangalia kutoka miguu kupanda juu, bila haraka.

“Umebeba nini?”

“Mkate.”

“Imetoka wapi?”

“Dukani,” nilisema, na nikaona ile upande moja ya mdomo ikisogea. Ndio nikajua amenijua.

Nilikuwa nataka kukaa. Lakini niligeuza kichwa na nikaona kibao. Ilikuwa imetundikwa nje kwa ukuta wa jikoni, mahali kila mtu anaingia kwa boma lazima aione, na ilikuwa imeandikwa. Mwandiko haikuwa ya Madam, ilikuwa mpya, ya mviringo, na chini yake Chemutai.

“Hata hapa,” nilisema.

“Hata hapa nini?”

“Hata hapa ni Chemutai.” Sikuwa nimepanga kusema. Ilitoka tu. “Madam, mimi nilikaa kwa benchi yako miaka yote. Huyu alikuja na kibuyu siku moja. Ni nini alikuwa nayo? Si ni zile sentensi tu?” Nikaanza kuzitaja. Ya mti na kibuyu. Ya baba na watu wa kumwangalia. Ya ng’ombe mpole. Ya shangazi. Nilizitaja zote kwa Kiingereza, moja baada ya ingine, hata zenye zilikaa kwa mlango wakati wa mvua na zikaandikwa tena, hata ile ya kwanza na makosa zake kabla Madam azirekebishe. Nilikuwa nazitupa kama mawe. Nilipomaliza nilikuwa nahema.

Watoto walikuwa wameacha kucheza. Madam alikuwa ameshika mkono yake ya kulia na ya kushoto ndio itulie.

“Ulizisoma wapi?” aliuliza.

“Si kwa mlango yako. Kila siku nikienda maji.”

“Zote?”

“Zote.”

“Mwenyewe hazikumbuki. Nilimuuliza mwezi ulioisha, akakumbuka moja.” Trekta ya miwa ilikuwa inapita barabarani na alingoja ipite kabisa. “Na hiyo Kiingereza umenirushia saa hii, Nanjala. Iko sawa. Haikuwa hivyo ukiwa kwa benchi. Imetoka wapi?”

Nilijua jibu mara moja. Ndio maana sikusema. Niliangalia kuku, nikaangalia mabati. Nilifikiria hata kusema shule, ama vitabu, ama kipaji. Angeniangalia mikono.

“Na uweke hiyo neno ndani,” alisema.

Nikasema, na kila neno ilikuwa inakwaruza ikitoka. “I derived my English from Chemutai, whom I could not stand.” Kiingereza yangu niliipata kwa Chemutai, mwenye sikuwa naweza kumvumilia.

Madam hakusema ni nzuri. Alicheka. Alicheka pande zote mbili za mdomo, sikuwa nimewahi ona, mpaka akakohoa na mtoto mmoja akakimbia kuleta maji. Alikunywa, akajipanguza na shuka.

“Hata ile duka yangu ya Kiingereza ilikuwa na mwenyewe,” alisema.

“Mwenyewe nani, Madam?”

“Msichana. Alikuwa anakaa dawati ya mbele yangu. Mungu wangu, vile nilimchukia.” Akatikisa kichwa kama mtu ameonja kitu ya zamani. “Chaki iko kwa dirisha.”

“Aliitwa nani?”

“Nimesema chaki iko kwa dirisha.”

Nikafuta ya Chemutai na kiganja. Siwezi danganya, ilikuwa tamu. Nikaandika yangu na mwandiko kubwa, nikarudisha chaki, nikapanguza mikono.

“Jina,” Madam alisema nyuma yangu.

Nikarudi nikaandika Nanjala. Miaka yote nilikuwa nimefikiria vile itakuwa, na sasa ilikuwa hapo, chini ya hayo maneno, mahali kila mtu ataona. Nilitaka kusimama niiangalie, na nilitaka kukimbia.

“Chemutai anakuja Jumamosi,” Madam alisema. Alikuwa ameanza kufungua mkate.

Nilimuaga wakati wingu ilikuwa imekaa juu ya miwa. Kabuchai mvua ikiamua kuja haibishi hodi. Nilitembea nikielekea kwa gate penye boda alikuwa ananingoja amewasha pikipiki, na nilikuwa nafikiria kitu moja tu. Ukuta wa jikoni hauna veranda. Hii mvua itafika, itaosha yote, na Jumamosi Chemutai atapata plywood nyeusi. Hatajua. Hakuna mtu atajua isipokuwa mama mzee na watoto hawasomi bado. Sikuhitaji hata kuomba. Ilikuwa inakuja yenyewe.

Tone ya kwanza ikanipiga mkononi. Ikapiga mabati.

“Twende, sista,” boda alisema. “Hii tope ikianza hatutoki.”

Nikarudi nikikimbia. Nikatoa kibao kwa msumari, nikaibeba ikiangalia mbali na nguo yangu ndio isifutike, nikaiingiza chini ya mabati ya nyumba kubwa, nikaisimamisha kando ya mlango, uso ukiangalia njia.

“Nani huyo?” Madam aliuliza kutoka ndani, watoto walikuwa wameshamwingiza. Alikuwa anatafuna.

“Ni mimi, Madam.”

“Umesahau nini?”

“Hakuna.”

Nilinyeshewa mpaka Chwele.